Barua kwa wajukuu zangu mnaojisajili kozi wiki hii

Mbukwenyi wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi mliopanga huku Ng'ong'ona, Dodoma, na ninyi watu wazima mnaotoka ofisini Mtumba jioni mkaingia darasani. Nimewasikia pale bombani. Huyu amejaza kozi saba. Yule ameongeza mbili za hiari ili amalizane nazo mapema. Mwingine ana keri, yaani kozi aliyofeli mwaka jana na sasa anairudia, na bado hataki kupunguza kitu. Nimelala na mawazo yenu siku mbili, nikaona nishike kalamu.

Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mitihani ya chuo kimoja. Matokeo ya kila semista yalipita mikononi mwangu, na walioanguka wengi hawakuwa wavivu. Walikuwa watoto wanaokesha. Walibeba mzigo ambao wiki yao haikuwa na pa kuuweka.

Kosa huanzia kwenye kuhesabu kozi. Uzito wa kozi uko kwenye krediti, na kwa vyuo vikuu vyetu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi: lekcha, semina, asaimenti, kujisomea, mpaka mtihani wenyewe. Shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360, yaani 60 kila semista. Hizo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo kozi za kawaida peke yake, kabla hujaongeza hata moja, ni sawa na ajira ya mtu anayeingia asubuhi na kutoka jioni.

Mwaka jana binti mmoja anayepanga kwangu alikuja barazani na karatasi yake. Alitaka kuongeza kozi mbili, kila moja krediti 10. Sikumkatalia. Nilileta ungo na karanga, nikamwambia ahesabu 168, ndizo saa za wiki. Akatoa 49 za usingizi, saa saba kila usiku. Akatoa 40 za masomo. Anasaidia kwenye kibanda cha kutuma pesa saa tano kwa siku, siku sita: 30 zikaenda. Kupika, kufua na foleni ya maji, saa tatu kwa siku: 21. Kwaya na ibada, nane. Daladala za kwenda na kurudi mjini, tisa. Kwenye ungo zikabaki karanga 11.

Kozi mbili zile zilitaka saa 200, yaani 13 na ushee kila wiki. Alizihesabu zile 11 mara mbili, akidhani nyingine zimeanguka chini ya mkeka. Na hapo alikuwa hajaumwa malaria, umeme haujakatika, mama hajapiga simu kuwa mdogo wake amefukuzwa ada. Aliacha kozi zote mbili. Moja aliichukua semista iliyofuata, kibanda kilipopata mtu mwingine.

Mnajibu kwamba kuna madesa, zile notsi za kupeana na kukariri. Najua. Huku Ugogoni tunajua kuberega: unafyeka, unachoma mabua, unapanda bila kulima. Shamba kubwa linakwisha kwa siku chache na kwa macho linapendeza. Lakini ardhi haikuchimbuliwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, ikija kwa nguvu inateleza juu kwenda korongoni, na mtama unabaki na mizizi mifupi. Kozi saba za kukariri desa usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista, ndivyo zinavyokuwa. Hata ukizifaulu, mwaka wa tatu unafika kwenye utafiti, unaulizwa takwimu ulizosoma mwaka wa kwanza, na hakuna kilichobaki.

Wenye keri, nisikilizeni zaidi. Keri yako ni kozi kamili, ina saa zake. Tena mara nyingi kipindi chake kinagongana na cha mwaka uliopo, kwa sababu ratiba imepangwa kwa ajili ya darasa la chini yako. Nimeona watoto wakiikosa lekcha moja kila wiki kwa semista nzima, kisha kosiwaki, zile alama za kazi na majaribio ya semista, inatoka ndogo, wanaikeri tena. Kabla hujajaza chochote cha hiari, weka ratiba mbili mezani uzilinganishe siku kwa siku, na tarehe za mitihani pia zikitoka.

Wala msijipe moyo kwamba sapu, ule mtihani wa marudio, itaokoa. Katika vyuo vingi sapu hata ukiipasua kwa alama za juu unaandikiwa C, na C hiyo inaingia kwenye GPA, wastani wa alama zako.

Sisemi kila mtu achukue kidogo. Mwenye bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, linalotosha, anayelala hosteli, asiye na kazi wala mtoto, ambaye semista iliyopita alifaulu vizuri na akabaki na nafasi, huyo aongeze moja, tena ile anayoipenda. Na kupunguza mno kuna gharama yake: mkopo unahesabiwa kwa miaka ya programu, ukijivuta utajikuta mwaka wa ziada unaulipia mwenyewe.

Ninyi wa jioni, nawaonea huruma ya pekee, maana nilipita huko. Nilisoma stashahada nikiwa kazini, nikachukua masomo yote kwa mpigo kwa kuwa wenzangu walifanya hivyo. Desemba mvua ikanyesha, shamba la Chamwino likataka mbegu, nami sikuwa nimeacha hata saa moja ya shamba. Nilifeli masomo mawili. Semista inayobeba mvua, chukueni pungufu kama chuo kinaruhusu, mwongeze semista ya kiangazi.

Jambo moja la haraka. Ukishaamua kuacha kozi, iondoe kwenye mfumo ndani ya muda wake. Ukiacha tu kuingia darasani, jina lako linabaki mle na matokeo yanatoka huna mtihani.

Dirisha la kubadilisha kozi halikai wazi siku nyingi. Ungo uko barazani, karanga zipo. Kuanzia saa kumi jioni nakuwa nyumbani. Njooni na karatasi zenu.

Bibi yenu wa Ng'ong'ona