Mvua tuliishangilia, mbolea iko wapi?

Mhariri,

Picha mliyoiweka ukurasa wa mbele kuhusu mvua kurudi Nyakach ya Chini ilikuwa ya kweli. Tulicheza. Mama mkwe wangu alipiga sigalagala hadi sauti ikamkauka. Baada ya ukame ule, nani angekaa ndani? Lakini mwandishi wenu aliikata habari pale pale kwenye densi, akaandika kwamba njaa imekwisha. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika neno. Safari hii siwezi.

Njaa haiishi siku mvua inaponyesha. Chwiri, msimu wetu wa mvua za masika, huanza Machi, na mahindi yanataka mbolea ya kupandia siku ile ile mbegu inapoingia ardhini. Mimi nimejisajili. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku ukaingia kwenye simu yangu, nikalipa shilingi 2,500 za mfuko wa kilo 50. Nilipofika ghalani nikaambiwa lori halijafika, nirudi juma lijalo. Nikarudi, nikaambiwa yale yale, foleni imejaa akina mama wenye watoto mgongoni wakinyeshewa na mvua hiyo hiyo mliyoisifu. Kungoja sikuweza, maana udongo wetu mweusi ukishiba maji jembe linanasa. Nikapanda hivyo hivyo, bila mbolea. Mfuko wangu ulikuja mahindi yakinifika magotini, majani yamegeuka manjano. Afisa akanishauri niuweke hadi vuli. Watoto wale nini hadi vuli?

Na maji yenyewe hayakai. Barabara yetu ilipowekwa kalavati, mdomo wake ulielekezwa shambani kwa jirani yangu, mjane. Leo pana korongo ambalo ng'ombe akitumbukia hatoki, na kila mvua kubwa inalipanua. Atakayetaka kujua mambo haya huishia wapi aende Katuk Odeyo, huku huku Nyakach, aone ardhi ilivyochanika. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, unakwenda Ziwa Victoria, nasi kiangazi kikirudi tunatembea na mitungi kutafuta maji tuliyoyaona yakipita mlangoni!

Mbolea ifike kwenye ofisi za machifu kabla ya Februari 15, mvua haijaanza. Na mkandarasi wa barabara asilipwe senti ya mwisho mpaka awe amechimba kidimbwi cha kukinga maji mdomoni mwa kila kalavati, na chifu pamoja na wenye mashamba wakikague kwa macho yao.

Mkulima,
Nyakach ya Chini, Kisumu