Mangi, ile turbo imewaka

Sakina, Arusha
Jumapili jioni

Mangi Elia,

Salaam kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, watoto wanaendelea na shule, Mama Neema naye mzima ila hanisemeshi vizuri, utaelewa mbele. Mfikishie mama shikamoo yangu, mwambie ndizi zilifika na mkungu haukumaliza siku tatu.

Najua tangu Februari sijakutafuta. Usiseme nimenuna. Haya, nilinuna kidogo. Ila hili jambo nikikupigia simu utacheka kabla sijamaliza, ndiyo maana naandika.

Turbo imewaka, ile ya lori tuliyokuwa tunaigeuza iwe injini ndogo ya jeti. Na imeharibika. Vyote ndani ya dakika moja.

Ulipoondoka niliendelea peke yangu. Mdomo wa kuvutia hewa una milimita 60, unakumbuka tuliupima kwa kalipa ya Kidevu. Nikafuata kanuni yetu: mrija wa moto, ule wa ndani ya chemba mafuta yanamoungulia, upana mara mbili ya hapo, 120, urefu mara sita, 360. Matundu yote ya mrija kwa jumla yalingane na eneo la ule mdomo. Asilimia 30 mwanzoni pa kuwashia, 20 katikati kumalizia kuungua, na nusu nzima kule mwisho, hewa ya kupooza moto kabla haujagusa mapanga. Nikatoboa 30 ya milimita 6, 11 ya milimita 8, na yale ya milimita 12 hesabu ikatoka kumi na mbili na nusu. Hiyo nusu nimemwachia Mungu. Stenlesi ile usiiseme, biti nne zimekufa. Babu alipokuwa anachomelea kwa argoni akaniuliza ni jiko la nini. Nikamwambia la nyama choma. Akasema nyama hiyo italiwa na kijiko, maana itakuwa majivu.

Sasa tuje pale tulipogombania. Ulisema tuanze na gesi ya mtungi kwa sababu inawaka bila kubembelezwa. Mimi nikasema mafuta ya taa, ndege gani inaruka na mtungi wa jikoni? Nozeli nikaichomoa kwenye bomba la kupulizia dawa ya nyanya. Najua. Usiseme kitu.

Jumamosi nikasubiri Mama Neema aende vikoba. Nikawasha pampu ya oili, nikaelekeza blowa mdomoni, turbo ikaanza ule mluzi wake mwembamba. Plagi inapiga cheche, naisikia. Nikafungua mafuta. Kimya. Nikaongeza. Moshi mweupe tu unatoka nyuma, unanuka kama kibatari kilichopulizwa. Nikafunga, nikasafisha plagi, nikarudia. Nikailaumu hewa: tuko mita 1,400, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na ya Tanga pale baharini, labda huko Moshi ingeshika. Uongo mtupu niliojidanganya nao. Nozeli ya nyanya ilikuwa inatema matone badala ya kutoa ukungu, na matone yote yalikuwa yanatuama chini ya chemba, yananisubiri.

Mara ya tatu ikashika. Ulimi wa moto ukatoka nyuma, mrefu kama mkono wangu mpaka begani, ukielekea kwenye kamba ya nguo ya jirani. Mluzi ukapanda. Nikafunga valvu. Ukazidi kupanda! Valvu imefungwa, Elia, nimeishika kwa mkono wangu huu, na kitu kinaongeza kasi. Ekzozi ikawa nyekundu, ikaja rangi ya chungwa. Mimi nilikuwa nyuma ya simtanki.

Mafuta yaliyotuama yalipoisha ikanyamaza yenyewe. Shuka moja la jirani limeenda, nimeshalilipa. Mjumbe alikuja kuuliza kama nimefungua mashine ya kusaga bila kibali.

Usiku nikakumbuka kile kisa cha Frank Whittle, yule Mwingereza mbunifu wa injini ya jeti, ulichokuwa unanisimulia na mimi nakutania. Tarehe 12 Aprili 1937, Rugby, Uingereza: injini yake inawaka kwa mara ya kwanza, anafunga mafuta, inaendelea kupanda, wafanyakazi wanatimua mbio. Sababu ilikuja kuwa mafuta yaliyotuama ndani. Kosa lilelile, na nilishahadithiwa! Tofauti ni kwamba yeye alibaki kwenye valvu zake.

Ila kilichoua turbo si moto. Kwa hofu nilizima kila kitu, pamoja na pampu ya oili na blowa, wakati shafti bado ina joto la mkaa. Oili ikaungulia ndani. Kesho yake nikazungusha feni kwa kidole: inakwaruza, kama punje ya mchanga kwenye meno. Nikafungua. Bushi zinazobeba shafti zimeshika ukoko mweusi, ukoko kabisa wa ugali wa sufuria, unabanduka kwa kucha. Mapanga mazima, namshukuru Mungu. Lakini ule ukoko nimeuweka kwenye kifuniko cha soda juu ya meza, nikiuangalia nakukumbuka wewe na gesi yako.

Basi. Umeshasoma, usinilazimishe niandike tena.

Nataka turudie, kwa gesi, na ndani ya chemba nimeshatoboa tundu dogo chini kabisa, kitakachotuama kitoke. Mtungi ninao, wa kilo 15, nimeununua wangu mwenyewe maana wa jikoni nimekatazwa hata kuutazama. Ukivutwa sana utaganda barafu na presha itashuka, kwa hiyo tutauweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mtu mmoja hawezi kushika blowa, kuangalia joto na kukaa kwenye valvu. Wewe utakaa kwenye valvu. Hatusimami ubavuni mwa turbo, feni ikipasuka vipande hutokea ubavuni. Na tukizima, pampu na blowa ziendelee mpaka chuma kishikike.

Kwa hiyo: ile geji ya presha ya oili bado unayo, au umeifunga kwenye trekta la mjomba? Hapo Moshi kwenye spea za Fuso unaweza kuniulizia seti ya bushi, na wanauzaje? Kidevu bado anadai ile kalipa? Jumamosi ya mwisho wa mwezi una kazi? Ukija utalala hapa, au bado unamwogopa Mama Neema? Maana safari hii atakuwepo, amesema vikoba haendi.

Wako,
Godi