Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Dada zangu na mama zangu, nyote mliofika na wale mlioshindwa kwa sababu ya nauli ama watoto ama shifti ya viwanda vya EPZ, salamu. Taarifa hii naisoma hapa halafu ntaituma kwa simu zenu vile vile ilivyo, nimeiandika vile naongea kwa hivo asitokee mtu kunisahihisha.

Mwaka tunaoufunga umeliwa na karatasi. Watu wa nje wakisikia sisi ni wanawake tuliotoka kwa dini kali wanafikiri kazi yetu ni kukaa duara na kupanguzana machozi, na kweli kulia tumelia, lakini fungua kitabu cha mikutano uone kilichoandikwa zaidi ni nini, ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa tena. Manake huwezi kurudi skuli kama serikali haikujui. Wengi wetu tulilelewa ama tuliolewa kwa nyumba ambazo kwenda hospitali ni kukosa imani, mtoto anazaliwa sakafuni wamama wa maombi wamemzunguka, hamna notisi ya kuzaliwa, hamna kadi ya kliniki, hamna chanjo. Halafu kitambulisho nacho tukaambiwa ni alama ya mnyama. Mwakumbuka 2019 serikali ilipoleta Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, mhubiri Mackenzie wa Malindi alisimama akahubiri ni mambo ya shetani, basi na kule nilikokua mie maneno yalikua hayo hayo, wanawake wakaambiwa wachome vitambulisho vyao na wakachoma. Wazee wa kanisa vyao hawakuvichoma, hilo mtajijibu wenyewe.

Sasa mtu kama huyo anatoka na watoto wake na furushi la nguo, hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, kazi ya hoteli hapati, na tangu tarehe 1 Oktoba bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF hata kujisajili apate matibabu inakua ni shida. Ukimwambia habari ya masomo anakuangalia tu.

Kusajili kuzaliwa kwa kuchelewa sheria inaruhusu, tatizo ni ofisi inataka kitu cha kushikia, kadi ya ubatizo, cheti cha skuli, kitambulisho cha mzazi, na hapo kwa mzazi ndipo tunapokwama wengi, manake mzazi ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema wewe kwake ushakufa. Mwenzetu mmoja wa Mshomoroni, hapa hapa Mombasa, ameniruhusu niseme, babake alimwambia nakala ya kitambulisho utaipata siku utakayorudi utubu. Mamake ndiye aliyeileta, aliikunja akaitia ndani ya pakiti ya unga wa ngano akampa mtoto wa jirani. Mama mwenyewe bado yuko huko ndani, bado anafunga kitambaa chake, na sijasikia kwamba anataka kutoka, lakini alijua ile karatasi inaenda kufanya kazi gani. Chifu akaandika barua, shangazi akatoa ushahidi, na mwezi wa Novemba huyu dada amechukua kitambulisho chake Huduma Centre pale Posta, akatupigia picha akacheka mpaka tukacheka na sisi.

Tulikubaliana na narudia, asiende mtu ofisi peke yake. Kuna ofisi moja, siitaji, karani alimuuliza mwenzetu kwa sauti mbele ya laini nzima, kwani ulikua wapi miaka yote hii? Swali kama hilo mtu akiwa peke yake anageuka anarudi nyumbani na harudi tena. Mkiwa wawili yule wa pili anajibu, alikua safarini, andika.

Sasa masomo yenyewe. Darasa la gumbaru la jioni limeendelea na nawashukuru walimu wetu wawili, mmoja kastaafu, hataki hata pesa ya chai. Mwanzo nlidhani kusoma ndo kutakua kugumu, kumbe wenzetu wengi wanasoma vizuri sana, wameshika sura nzima za Biblia kwa kichwa, Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu. Kigumu ni kuuliza. Mtu amekaa miaka ishirini akiuliza swali anaambiwa ana pepo, leo mwalimu anasema nani hajaelewa, hakuna mkono unaoinuka, darasa zima limeelewa, halafu ukipitisha karatasi ya hesabu unaona hamna aliyeelewa. Mwalimu akabuni njia yake, kila mtu lazima aandike swali moja kwa kikaratasi bila jina na asiyeandika hatoki. Wiki za kwanza maswali yalikua ya uoga uoga. Sa hizi anaomba tupunguze.

Somo la sayansi lilitupiga pahali. Walipofika kwa chanjo, surua inavyoenea na inavyozuiliwa, mama mmoja aliondoka darasani akakaa nje kwa ngazi mpaka tukafunga. Nyote mwajua alizika nani. Hatukumfuata na maneno, dada wa Likoni alienda tu akakaa naye. Wiki iliofuata alirudi na daftari, na ndiye aliyewapeleka wajukuu wake kliniki ya Kongowea wakachanjwa. Hili silisemi ili lipigiwe makofi, nalisema kwa sababu kuna mwanachama alipendekeza tuyaruke masomo kama hayo yasiumize watu, na kamati ilikataa na mie nlikua wa kwanza kukataa.

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yametoka mwezi huu wa Januari 2025 na mwenzetu aliyefanya kama mtahiniwa wa nje amepata C-. Wengine watasema ni nini hiyo, chuo kikuu wanataka C+. Mie nasema kwa C- unaingia diploma kwa vyuo vya ufundi, kwa D unaingia cheti, na huyu alitolewa skuli akiwa fomu two, ameolewa, amezaa, amerudi na mtoto wa mwisho mgongoni. Ameshaomba nafasi ya diploma ya ustawi wa jamii na tunangojea.

Lakini hapa msikilize vizuri kwa sababu kuna saa inatembea. KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho imefanywa 2023, na hao watoto wa KCPE ya mwisho ndio watafanya KCSE 2027, wakimaliza wao mfumo wa zamani wa 8-4-4 ndo umekwisha, ni mtaala mpya wa CBC moja kwa moja. Kwa hivo anayetaka KCSE asiseme ntaanza nikipumua, aanze sasa, na asiye na cheti cha kuzaliwa aanze na hicho jana. Na wale waliotolewa skuli mapema kabisa, darasa la nne, la sita, msikae mkadhani mlango umefungwa, kuna mtihani wa ufundi wa NITA, grade three, pale haulizwi KCPE wala nini, unaulizwa unaweza kushona ama huwezi, unaweza kusuka nywele ama huwezi. Wawili wetu wamefaulu wa ushonaji na mmoja tayari ana meza yake Mwembe Tayari, anashona yunifomu. Yunifomu za skuli, yeye ambaye hakuvaa moja maishani. Kuna wanaodharau kazi ya mkono hapa ndani na nawajua, wanataka kila mtu aende TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa. Sawa, TUM ni yetu, na niwakumbushe tu ile TUM ya Tudor ilianza kama MIOME, chuo walichojengewa Waislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi. Kwa hivo wenzetu mliotoka nyumba ambazo mtoto wa kike alikatizwa masomo mara alipovunja ungo mkaambiwa ndo dini inasema, tembeeni pale getini tu mtazame.

Jambo la sala. Hili lilitaka kutugawanya na siwezi kulipita mbio. Tangu tuanze tulikua tunafungua mkutano na ombi, mara la Kikristo mara dua. Mwezi wa Mei wanachama watatu walisema wao wakisikia tu "tuinamishe vichwa" mwili unaganda, hawawezi kusikia kitu kingine mpaka mkutano uishe. Wengine wakajibu, na wana haki pia, kwamba walichotoroka ni mchungaji sio Mungu, na kama hata hapa hawawezi kuomba basi wameenda wapi. Kulirushwa maneno. Kuna aliyeitwa kafiri na kuna aliyeambiwa bado amefungwa kamba, na yote mawili yalinichoma. Tulichofikia baada ya mikutano miwili mirefu ni kwamba tunanyamaza dakika moja, kila mtu afanye anachotaka ndani ya kichwa chake, na anayetaka kuomba kwa sauti chumba cha nyuma kiko wazi nusu saa kabla. Sio kila mtu amefurahi. Hakuna aliyeondoka.

Shakahola, ule msitu ambao wafuasi wa Mackenzie walifunga mpaka wakafa njaa. Mwezi wa Machi serikali ilianza kukabidhi jamaa miili baada ya majibu ya DNA, miili zaidi ya 400 iliofukuliwa kule msituni tangu Aprili 2023, na tunao wenzetu humu waliokua wakingojea simu hiyo, na wengine mpaka leo wanangojea. Kesi zinaendelea, nyingine hapa hapa korti ya Shanzu, na kila kesi ikitajwa kwa redio nyinyi wenyewe mnajua usiku unavyokua. Tulipanga zamu ya kulala kwa nyumba za wenzetu na imefanya kazi kuliko ushauri wowote tuliopewa.

Pamoja na hayo walikuja wageni. Wenye kamera, wenye miradi, wenye daftari, wote wanataka mtu aliyekaribia kufa kwa njaa asimulie. Wanaleta soda na mkate. Mmoja alitaka mwenzetu arudie pahali pa kulia kwa sababu sauti haikuingia vizuri. Kamati imeamua, na naomba mkutano huu uthibitishe, hakuna mwanachama atasimulia maisha yake kwa mgeni kabla mgeni hajasema kwa maandishi analeta nini kwa mfuko wa karo. Nimeitwa mkali kwa sababu ya hili. Niwe mkali.

Ndoa na watoto. Wengi tulifungishwa ndoa zisizo na cheti, mchungaji kawashika mikono basi, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe na miaka isipungue 18. Kwenye kutoka ndo unaona faida ya cheti. Kesi mbili za watoto ziko korti ya watoto ya Tononoka, baba anataka watoto warudi kwake na kwake hawaendi skuli. Wakili wa kujitolea anasimamia, na mwambieni kila mama aliye kwa hali hiyo kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi asiyepeleka mtoto skuli anaweza kupigwa faini mpaka shilingi 100,000 ama kufungwa mpaka mwaka mmoja ama vyote. Kesi hazijaisha kwa hivo siendelei.

Pesa mhazini atazisoma. Mie ntasema tu mchango wa mia mbili kwa mwezi umeingia vizuri mpaka Agosti, skuli zilipofunguliwa ukakatika, na waliokopa kwa mfuko wa mtihani wajue mfuko huo sio wa mtu, kuna mwenzako anangojea alipie mtihani wake kabla usajili haujafungwa. Mashine ya pili ya cherehani tuliahidiwa haijafika. Chumba cha watoto wakati wa darasa kimehama, sasa ni kwa mama wa viazi karai nyuma ya msikiti, ametupa bure ila tumnunulie viazi, na kwa vile naona mnavyovinunua nadhani yeye ndiye anayepata faida.

Yanayobaki ya kuamua leo ni matatu: pendekezo la wageni nililosema, nani atafuatana na wenzetu wanne wanaoenda kwa msajili Jumatatu, na uchaguzi. Mie nagombea tena na najua kuna mwengine anagombea, vizuri, afadhali. Kura ni ya siri kwa karatasi, na asiyeweza bado kuandika jina atumie alama zilizobandikwa ukutani, yangu ni chungu, yake ni taa. Mhazini, lete kitabu.