KUH: Kamba ya moa imekatikia mkononi mwa fundi wenu, mbona nilipe mimi?

Kwa Meneja,

Habari ya kazi. Nitajaribu kuandika kwa heshima maana nimelelewa hivyo, lakini hii barua nimeianza mara tatu na mara mbili nimefuta kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yanatoka.

Risiti mnayo, na ile waranti ya siku 30 ni nyinyi mmeibandika ukutani, kwa hivyo sitawafundisha mambo ya ofisi yenu. Nililipa 3,500 mbadilishe kamba ya kustatia moa, mashini yangu ya kukata nyasi. Siku mbili tu, ukivuta kamba hairudi, inabaki inaning'inia nje kama ulimi wa mbwa saa saba ya jua, na huu ni mwezi wa nne, mvua imeshika, nyasi inaota kama imetumwa, na mimi nina kompaundi nne South B na Imara Daima zinaningoja.

Nikairudisha na boda, moa imefungwa nyuma na raba. Fundi wenu wa kaunta hata hakuuliza shida ni nini, akaishika akavuta kwa nguvu zake zote bila kubana ile breki ya kwenye mkono, kitu hata kijana wangu wa juzi anajua, na kamba ikakatika pa! akabaki na kishikio mkononi. Halafu ananiangalia mimi, ati, "Mama, umeona vile umeharibu? Mambo ya mashini si ungetuma mzee wa nyumba akuje."

Mzee wa nyumba ni mimi. Hiyo moa ndio imelipa fees ya watoto wawili.

Wacha nirudie hapo kwa sababu najua mmesoma haraka. Kulikuwa na watu sita kwa laini. Kamba imekatikia mkononi MWAKE, si mwangu, mimi nilikuwa nimeshika pochi. Na kile kishikio bado amekishika, ananionyesha nacho kama mwalimu na kiboko, "si ungetuma mzee," askari wa mlango anacheka, na mkubwa wake aliyekuwa hapo nyuma na chai hakusema hata neno moja. Ndio huyo fundi wenu akaandika bili ingine, 4,200, ati matumizi mabaya. Matumizi mabaya ya nani?

Naomba 3,500 yangu irudi kwa M-Pesa. Hiyo tu ndio nilikuwa nataka siku ile.

Lakini siku ile sikuwa nimefika Grogan bado, kule kwa mafundi. Pale Kirinyaga Road fundi wa jua kali alifungua bolti tatu na spana ya 10, akatoa kamba yenu, akaniuliza, "Mama, nani alikuwekea kamba ya kuanika nguo?" Ni nene kuliko ile puli, ndio maana ilikuwa inakwama haiwezi kurudi, na ncha yake hata haijachomwa na kiberiti isifumuke. Akapima nailoni ya saizi yake, akazungusha puli springi ikakaza, akafunga fundo, ikawaka mvuto wa pili. Mia saba, na dakika hazikufika 30. Na aliniita "mama" kama mtu anayeita mama yake.

Kwa hivyo 3,500 pekee haitoshi tena. Ongezeni ile mia saba, boda ya kuja na kurudi, na siku tatu nilizolala nyumbani nyasi ikinicheka. Na huyo kijana wenu wa kaunta aniombe msamaha kwa maandishi, si kwa simu, si "pole madam". Tena aombee palepale kwa kaunta watu wakiwa kwa laini, maana aliniaibisha watu wakiwa kwa laini.

Nawapa siku saba. Binti yangu amenisomea Kifungu cha 46 cha Katiba na ile Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo iko pale Milimani, inasikiza mpaka milioni moja na sihitaji wakili. Nitaenda. Na nikienda nitadai moa mpya, msiseme sikuwaambia.

Kamba yenu ya nguo iko kwa bahasha, nimeandika tarehe juu.

Mteja wenu, kwa sasa,
Mama wa moa, South B