Jezi ni kisiwa, Mpwapwa je?

Mhariri naomba nafasi kidogo. Magazeti kila siku jezi, jezi mpya ya Simba, jezi mpya ya Yanga, sawa, lakini hakuna anayetuambia kwamba hilo ni jina la kisiwa. Jersey, kipo baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, kilomita za mraba kama 118 tu, yaani wilaya ya Kongwa hapa Dodoma inakimeza na chenji inabaki. Miaka ya 1500 na 1600 watu wa kule walifuma soksi za sufu wakauza nje mpaka mashamba yakadorora, ikabidi itungwe sheria kwamba msimu wa mavuno na wa kukusanya mwani wa mbolea marufuku kufuma! Jina likahamia kwenye kitambaa, kisha kwenye sweta za wavuvi, wacheza mpira nao wakavaa, basi leo hata poliesta ya China ni jezi.

Ila mimi mfugaji, kilichonigusa ni ng'ombe. Yule mdogo wa kahawia mwenye macho makubwa, maziwa yake mafuta yanacheza kwenye asilimia 5, ukiyaacha kwenye sufuria usiku asubuhi juu pana utando wa kukata na kijiko. Naye wa kisiwa hicho hicho. Sasa kulikuwa na wajanja wanaleta ng'ombe wa Ufaransa, wanawapitisha hapo, wanawauza Uingereza kama wa kisiwani ili wakwepe ushuru. Wenyeji wakaona hapana, 1763 wakapiga marufuku, 1789 wakakaza zaidi, ukikamatwa unaingiza ng'ombe faini, chombo chako kinachukuliwa, ng'ombe anachinjwa na nyama wanapewa maskini (kwetu hiyo nyama ingefika kweli? haya tuyaache). Mwaka 1866 wakaanza kuandika ukoo wa kila ng'ombe kitabuni, na mbegu za nje hawakuziruhusu mpaka 2008.

Haya njoo Dodoma. Tunaye ng'ombe anaitwa Mpwapwa, alitengenezwa kwenye kituo cha utafiti pale pale Mpwapwa, wakachanganya Sahiwal na Red Sindhi wa kule Bara Hindi, zebu wetu na damu kidogo ya Ulaya, atoe maziwa, atoe nyama na huu ukame wetu auvumilie. Nenda mnada wa Msalato uulizie, utaambiwa Borani, utaambiwa wa Kigogo, kuna kijana alinijibu mzee Mpwapwa ni mbali panda basi. Wenye kajisiwa wamelinda mbegu yao zaidi ya miaka 200, sisi ya kwetu tunaiacha ichanganyike na dume lolote lililokatiza kijijini, halafu tunasifia za wenzetu.

Tuma mwandishi wako TALIRI Mpwapwa, yaani taasisi ya utafiti wa mifugo, akaulize madume ya mbegu hiyo yamebaki mangapi, sisi wa ng'ombe watatu wanne tunalipataje, na kupandisha ni shilingi ngapi.

Mfugaji, Nkuhungu, Dodoma