Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu: mlinzi wa getini ni kabila gani?

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, KFCB,
Nairobi.

KUH: MAKABILA YETU KWENYE RUNINGA

Kwako Mkuu,

Bodi yako ina macho makali. Mwaka 2018 mliipiga marufuku filamu ya Rafiki, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili, kabla haijafika kwenye kumbi zetu. Kwa hivyo najiuliza mbona vichekesho vya runinga vinavyomchora kila Mkenya kwa kabila lake vinawapita, tena vikiwa na alama ya GE, yaani kwamba hata mtoto mdogo atazame.

Mlinzi akifungua geti, lafudhi ni ya Kiluhya. Mkikuyu anachanganya r na l huku akihesabu noti. Mjaluo anajigamba, Mkamba ana hirizi, Mmeru ana miraa na hasira, Mpwani amejilaza mkekani. Msomali akiingia, muziki unabadilika. Muhindi yuko nyuma ya kaunta, bahili, na atabaki hapo hapo ingawa tangu 2017 serikali inawatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44.

Mimi ni mwigizaji, mzaliwa wa Buruburu, hapa Nairobi. Niliwahi kwenda kwenye usaili nikiitaka nafasi ya daktari. Walipolisoma jina langu la ukoo, la Kiluhya, wakanipa ya mlinzi, kisha mwongozaji akalalamika kwamba lafudhi yangu haitoshi. Ilibidi nimpigie simu mjomba wangu wa Kakamega aniazime yake. Mjomba mwenyewe ni mwalimu wa fizikia, na alicheka sana. Mimi nilihitaji kodi, nikaigiza.

Siwalaumu watayarishaji peke yao. Tangazo la biashara lina sekunde 30, na vichekesho vya wiki vinarekodiwa kwa bajeti ya kubana. Lafudhi inamtambulisha mhusika kabla hajaandikiwa tabia yoyote, wala hailipishwi. Ukishamsikia, umeshajua kazi yake, mfuko wake na akili yake, na mwandishi amepumzika.

Shida ni kwamba mtoto wa Donholm, mtaa wa Nairobi, ambaye hajawahi kukanyaga Garissa wanakoishi Wasomali wengi, anamjua Msomali kupitia skrini tu. Aprili 2014 polisi waliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakawazuilia katika uwanja wa Kasarani. Sisemi runinga ndiyo iliyowakamata. Lakini niliwasikia abiria kwenye matatu wakisema potelea mbali, hao tunawajua. Waliwajulia wapi?

Tuna Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya zaidi ya watu 1,100 kuuawa katika ghasia za uchaguzi wa 2007. Hiyo inamshika anayechochea chuki jukwaani. Kichekesho cha saa moja na nusu jioni hakimtukani mtu, kinarudia tu, wiki baada ya wiki, kwamba huyu ni wa getini na yule ni wa kuibiwa simu.

Tafadhali usinijibu kwa marufuku. Lafudhi ni tamu, na Mkenya asiyeigwa atajiona amesahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Walter Mong'are, yule Nyambane wa kundi la vichekesho la Redykyulass, alimwiga Rais Moi sauti na yote, na nchi ikapumua. Pale aliyechekwa alikuwa Ikulu. Leo tunamcheka anayelala kwenye kibanda cha mabati ili sisi tulale ndani.

Ninachoomba ni kidogo. Watayarishaji wanapokuja kwenu kutafuta leseni ya kurekodi, waulizeni: mhusika huyu akibadilishiwa kabila, hadithi inaharibika? Wasipokuwa na jibu, warudi wakamwandike upya. Pia, pale mnapowaonya wazazi kuhusu vurugu na lugha chafu, ongezeni onyo la dhihaka za kikabila, hasa kwa vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, muda ambao kanuni za utangazaji zinautengea familia.

Halafu itisheni kikao na waandishi, waongozaji na sisi tunaotumwa kuazima lafudhi. Kiwe Jumamosi, maana siku nyingine tuko lokesheni, na wengine wetu tuko getini kwa kazi halisi.

Wako mwaminifu,
Mwigizaji, Buruburu