Barua kwa Mwanangu: Mahali pa Kuweka Tyuna ya Antena

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na hongera sana kwa kupata leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Umeniuliza kama tyuna ya otomatiki uliyonunua, yaani kifaa cha kulinganisha antena na redio, uiweke mezani kando ya redio au uitoe nje. Iweke nje, pale waya wa antena unapoanzia, na naomba univumilie nikueleze sababu, kwa kuwa mengine yote yanaitegemea.

Redio yako imeundwa kutoa nguvu zake kwenye ukinzani wa omu 50. Waya haufuati sharti hilo: kwenye bendi moja, yaani fungu moja la masafa, unaweza kuwa na omu chache, na kwenye nyingine ukafika maelfu. Tyuna husimama katikati, na ndani yake mna koili na kapasita ambazo rilei, yaani swichi ndogo za umeme, huziunganisha na kuzitenga mpaka redio ione omu 50. Hata hivyo, inayoona omu 50 ni redio peke yake. Antena imebaki kama ilivyokuwa. Ukiweka tyuna mezani, kebo ya koaksi (waya wa kati uliozungukwa na ganda la chuma) inayotoka hapo hadi kwenye waya itaendelea kubeba mawimbi yanayorudishwa na antena, yakienda na kurudi, na katika kila safari sehemu yake hugeuka joto. Kipimo cha mawimbi hayo yanayorudi huitwa SWR, na 1 kwa 1 maana yake hakuna kinachorudi. SWR ikiwa 3 kwa 1, robo ya nguvu zinazofika kwenye antena hurudishwa. Ikiwa 10 kwa 1, hurudishwa theluthi mbili, na kwenye kebo nyembamba na ndefu hasara yake ni kubwa. Kwa hiyo usiridhike na kipimo cha SWR peke yake. Kizuizi cha omu 50, kinachogeuza nguvu kuwa joto tu, kikifungwa mwisho wa kebo nacho huonyesha 1 kwa 1, lakini hakuna atakayekusikia.

Kwa kuwa tyuna yako ina skrubu moja ya waya na nyingine ya ethi (ya kuunganisha na ardhi), kata waya wa mita 16. Nimechagua urefu huo kwa makusudi. Nusu ya urefu wa wimbi ni kama mita 20 kwenye megahezi 7, mita 10 kwenye 14, na karibu mita 7 kwenye 21. Waya wenye urefu wa nusu wimbi, au nusu hiyo mara mbili au mara tatu, huwa na ukinzani mkubwa mno mwanzoni mwake, na tyuna huhangaika ikashindwa. Mita 16 huepuka bendi zote tatu.

Sasa nakuomba uzingatie upande wa ethi, ambao wengi huupuuza. Mkondo unaopanda kwenye waya lazima upate njia ya kurudi, na fimbo moja ya shaba iliyochomekwa kwenye udongo mkavu haitoshi. Funga kwenye skrubu ya ethi nyaya kadhaa za mita tano hadi kumi, uzitandaze chini kila upande, hazihitaji kulingana. Usipozitandaza, mkondo utarudi kupitia ganda la koaksi hadi chumbani kwako, na utaujua pale maikrofoni itakapokuchoma midomo. Hata ukizitandaza, pitisha koaksi mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na tyuna; pete hiyo ya sumaku huzuia mkondo usipite juu ya ganda.

Ukifika wakati wa kuirekebisha, sikiliza kwanza kama masafa yapo wazi, kisha utaje alama yako ya mwito. Shusha nguvu hadi wati 10, ndipo ubonyeze kitufe cha tyuna. Utasikia rilei zikigonga haraka haraka kwa sekunde chache, kisha zinyamaze. SWR ikiwa chini ya 1.5, unaweza kupandisha nguvu. Usirekebishe kamwe kwa wati 100, kwa sababu rilei zinazobadilishwa zikiwa na mzigo mkubwa huungua ncha zake. Tyuna hukumbuka mpangilio wa kila masafa, hivyo siku nyingine itaupata mara moja. Lakini ukihamisha waya au ukiongeza nyaya za chini, futa kumbukumbu hiyo uanze upya.

Usitupe waya juu ya mti ulio karibu na nyaya za umeme, hata kama tawi lake ni zuri kiasi gani. Mwisho wa waya huwa na volti nyingi unaporusha, kwa hiyo uwe juu, mbali na watoto na mbuzi. Na kwa kuwa radi za Mbeya si za kuchezea, chomoa koaksi nje ya nyumba kila usipotumia redio, usingoje wingu lijikusanye.

Niandikie SWR uliyoipata kwenye megahezi 7, 14 na 21, na unieleze kama kuna bendi ambayo rilei hazikunyamaza. Kama ipo, tutaongeza au kupunguza mita moja ya waya kabla ya kugusa kitu kingine.

Mama yako